Larrey: Daktari aliyekataa majeruhi wasubiri vita viishe

Uko kwenye foleni ya magari Thika Road, jua linachoma, na ghafla unasikia king'ora. Matatu zinajibana pembeni, boda zinapanda ukingo wa barabara, na ambulensi inapenya katikati. Ndani yake kuna mtu amelala kwenye machela, ana dripu mkononi, na mhudumu anamwangalia kama anapumua sawasawa. Matibabu yake hayakungoja lango la hospitali. Yalianzia pale alipoanguka.

Sisi tumezoea. Lakini kuna wakati jambo hili lingeonekana kama wazimu, na kijana wa miaka 26 ndiye aliyewasumbua mabosi wake mpaka wakalikubali. Jina lake ni Dominique-Jean Larrey, daktari wa upasuaji wa Ufaransa. Wengi wanamjua kama daktari wa Napoleon. Kazi yake, hata hivyo, imeishi kuliko dola ya Napoleon mwenyewe.

Yatima wa milimani

Larrey alizaliwa Julai 1766 katika kijiji cha Beaudéan, kwenye milima ya Pyrenees kusini mwa Ufaransa. Kwao hakukuwa na mali. Akiwa na miaka 13 tayari alikuwa yatima, akachukuliwa na ami yake, Alexis Larrey, aliyekuwa daktari mkuu wa upasuaji katika mji wa Toulouse. Hapo ndipo alipojifunza kazi: kufunga vidonda, kunyoosha mifupa iliyovunjika, kushika kisu bila mkono kutetemeka.

Mwaka wa 1787 alienda Paris, kisha akajiunga na jeshi la wanamaji kama daktari wa meli. Meli hiyo ilimpeleka hadi Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Shida ni kwamba bahari ilimshinda. Alitapika safari nzima. Aliporudi aliachana na mambo ya meli, akarejea Paris kusoma upasuaji chini ya Desault, mmoja wa walimu waliosifika zaidi nchini humo.

Mapinduzi ya Ufaransa yakazuka mwaka wa 1789, na vijana wakaanza kuanguka barabarani kwa risasi. Larrey akaanza kuwatibu majeruhi wa mitaani hata kabla hajamwona majeruhi wa vitani.

Sheria iliyoua wengi

Mwaka wa 1792 alitumwa katika jeshi la Ufaransa lililopigana kando ya mto Rhine. Alichokikuta huko kilimkosesha usingizi.

Kanuni za jeshi zilitaka madaktari na magari yao wakae nyuma, karibu kilomita 4 au zaidi kutoka mahali pa mapigano. Magari yenyewe yalikuwa mazito na ya mwendo wa kobe. Vita vikianza asubuhi, aliyepigwa risasi alilala pale pale matopeni mpaka vita viishe. Ndipo atafutwe. Wengine walikaa saa 24, wengine hata zaidi.

Hebu fikiria. Mguu umevunjwa na kombora la mzinga, damu inatiririka, baridi inaingia, na daktari yupo, tena unajua yupo, ila sheria imemfungia kilomita 4 nyuma. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kusubiri.

Larrey aliona kitu kingine kwenye uwanja huo huo. Jeshi lilikuwa na mizinga myepesi iliyovutwa na farasi wa mbio. Ilifika, ikafyatua, ikahama kabla adui hajajipanga. Wafaransa waliiita mizinga inayoruka. Larrey akajiuliza swali rahisi sana: kama farasi wanaweza kuikimbiza mizinga hadi mbele ili iue, mbona wasimkimbize daktari hadi mbele ili aokoe?

Akapeleka ombi kwa wakubwa wake, wakamruhusu kujaribu. Akaviita vikosi vyake ambulensi zinazoruka. Wakati huo neno ambulensi lilimaanisha hospitali ya muda inayofuata jeshi. Ni kwa kazi kama hii ndipo polepole likaja kumaanisha gari linalombeba mgonjwa.

Gari lenyewe lilikuwaje

Mpango huo ulikomaa katika vita vya Italia mwaka wa 1797. Huko Larrey alipanga kikosi cha watu wapatao 340, kikagawanywa mara tatu. Kila sehemu ilikuwa na magari mepesi 12 na mazito manne.

Magari mepesi yalikuwa ya aina mbili. La magurudumu mawili lilivutwa na farasi wawili na kubeba majeruhi wawili wakiwa wamelala wamenyooka. La magurudumu manne lilivutwa na farasi wanne na kubeba wanne. Gari lilikaa juu ya springi ili mifupa iliyovunjika isigongwegongwe na kila shimo la barabarani. Ndani kulikuwa na godoro, na kwenye kuta palikuwa na madirisha madogo ya kupitisha hewa. Sakafu ya kulalia iliteleza juu ya vigurudumu, hivyo majeruhi aliingizwa na kutolewa bila kuinuliwa mabega na miguu kama gunia la viazi.

Madaktari walipanda farasi wakiwa na vifaa na bandeji kwenye mifuko. Walimfikia majeruhi, wakazuia damu, wakamfunga, kisha wakampakia. Kama ilibidi kukata mguu au mkono, Larrey alitaka ukatwe mapema, ndani ya saa 24 za kwanza. Wataalamu wengi wa siku hizo walishauri kungoja siku kadhaa. Yeye alikuwa ameona kwa macho yake kwamba kungoja kulileta kuoza, na kuoza kulileta kaburi.

Haya yote yalifanyika bila dawa ya kulaza mgonjwa. Etha ilianza kutumiwa hadharani katika upasuaji mwaka wa 1846, Larrey akiwa keshakufa. Kilichomsaidia mgonjwa wake ni kasi tu. Alijulikana kwa kumaliza kukata kiungo kwa dakika chache.

Tusimpe sifa zote peke yake. Daktari mwenzake, Pierre-François Percy, naye alibuni gari la kuwafikisha madaktari haraka mbele. Lakini Larrey aliunganisha mambo mawili: kumpeleka daktari kwa majeruhi, na kumtoa majeruhi salama huku akihudumiwa.

Nani aanze?

Hapa ndipo palipokuwa na noma kubwa zaidi. Majeruhi ni 100, madaktari ni wanne. Unaanza na nani?

Desturi ilikuwa na jibu lake: anza na afisa. Jenerali kwanza, askari wa kawaida baadaye, na adui akipata bahati. Larrey alilifuta jibu hilo. Kwake, aliyeumia vibaya zaidi ndiye wa kwanza, bila kuuliza cheo wala taifa. Mwenye jeraha dogo angoje, hata kama mabega yake yamejaa nyota. Askari wa adui aliyekuwa akivuja damu alihudumiwa kabla ya Mfaransa aliyekwaruzwa.

Leo chumba chochote cha dharura chenye utaratibu kinafanya hivyo. Muuguzi anakuangalia mlangoni, anakupanga kulingana na hatari uliyo nayo. Ukiona mtu aliyekuja baada yako anaingizwa kabla yako, usikasirike. Ndiyo hesabu ya Larrey hiyo.

Ngamia, theluji na supu ya farasi

Mwaka wa 1798 Napoleon alivamia Misri, na Larrey akaenda naye. Magari ya farasi hayafai mchangani, kwa hivyo akageukia ngamia. Kila ngamia alifungwa masanduku mawili, moja kila ubavu, na majeruhi akalala ndani yake akivushwa jangwani.

Mwaka wa 1807, katika vita vya Eylau, alifanya upasuaji kwenye baridi kali kiasi kwamba wasaidizi wake walishindwa kushika vifaa. Aligundua kuwa waliokatwa viungo katika baridi hiyo hawakusikia uchungu kama wengine. Baridi ilikuwa imewatia ganzi.

Mei 1809, baada ya vita vya Essling karibu na Vienna, maelfu ya majeruhi walikwama kwenye kisiwa cha Lobau katika mto Danube. Chakula kiliisha. Larrey aliamuru farasi wachinjwe, wakiwemo wa maafisa, na supu ikapikwa ndani ya deraya za chuma ambazo wapanda farasi huvaa kifuani. Chumvi haikuwepo, wakatia baruti. Inasimuliwa kuwa maafisa walienda kumshtaki kwa Napoleon, na Napoleon akasimama na daktari. Mwaka huo huo Larrey akapewa cheo cha baroni.

Kisha Urusi, mwaka wa 1812. Katika vita vya Borodino inasemekana alikata viungo vya watu wapatao 200 kwa saa 24. Jeshi liliporudi nyuma kwenye theluji, maelfu walisongamana kuvuka madaraja ya mto Berezina, wengine wakikanyagwa na kuzama. Askari walipomtambua Larrey katika msongamano, walimnyanyua na kumpitisha juu ya vichwa vyao, mkono hadi mkono, mpaka ng'ambo. Watu hao walikuwa na njaa na walikuwa wanapigania nafasi ya kuishi. Bado walimpisha mmoja tu.

Siku aliyompinga Napoleon

Ujasiri wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, haukuwa mbele ya mizinga. Ulikuwa mwaka wa 1813 huko Ujerumani.

Baada ya vita vya Lützen na Bautzen, zaidi ya vijana 2,000 walioandikishwa jeshini juzijuzi walikutwa na majeraha ya mikono na vidole. Majenerali wakamwambia Napoleon kwamba vijana hao walijipiga risasi wenyewe ili wahepe vita. Adhabu ilikuwa kifo, na mfalme alikuwa tayari kuwafanya baadhi yao kuwa funzo kwa wengine.

Larrey alisema hapana. Alitaka wakaguliwe kwanza. Yeye na madaktari wenzake wakapitia majeraha mmoja baada ya mwingine, kisha akaandika ripoti. Vijana hawakuwa na hatia. Walikuwa wageni wa bunduki, wakipigana katika mistari iliyopangwa mmoja nyuma ya mwingine, na wa nyuma walipofyatua waliwajeruhi mikono wenzao wa mbele. Kosa lilikuwa la mafunzo duni.

Napoleon alianza kwa hasira. Alipoisoma ripoti, akakubali, na badala ya kumwadhibu daktari akamzawadia. Vijana wale wakabaki hai kwa sababu mtu mmoja alitaka ushahidi kabla ya hukumu.

Waterloo na baadaye

Juni 18, 1815, huko Waterloo, Larrey alikuwa tena katikati ya moshi na magari yake. Inasimuliwa kwamba Wellington, kamanda wa Waingereza, alipomwona kwa mbali aliagiza askari wake wasipige risasi upande ule, akavua kofia kwa heshima.

Jeshi la Prussia halikujua habari hizo. Lilimkamata akiwa amejeruhiwa, na ikaamriwa apigwe risasi. Kumbe daktari mmoja wa Prussia alikuwa amewahi kuhudhuria mihadhara yake mjini Berlin. Akamtambua na kumpeleka kwa kamanda wao, Blücher. Masimulizi yanasema Larrey alikuwa amewahi kuokoa maisha ya mwana wa Blücher, aliyekuwa mateka wa Wafaransa. Hesabu yake ya kutouliza taifa ilikuwa imemrudia.

Napoleon alipofia uhamishoni mwaka wa 1821, wosia wake ulimwachia Larrey faranga 100,000, pamoja na sifa ya kuwa mtu mwadilifu zaidi aliyewahi kumjua. Utawala mpya ulikuwa umempunguzia marupurupu, lakini kazi haikukoma. Katika ghasia za Paris za mwaka wa 1830 alikuwa bado anatibu majeruhi, na baadaye akawa daktari mkuu katika Les Invalides, makao ya askari wazee na walemavu.

Mwaka wa 1842 alienda kukagua hospitali za jeshi Algeria akifuatana na mwanawe Hippolyte, naye daktari wa upasuaji. Akirudi aliugua njiani, akafariki mjini Lyon Julai 25. Mkewe Élisabeth, mchoraji, alikuwa amefariki siku tatu tu kabla. Mwaka wa 1992 mabaki yake yalihamishiwa Les Invalides.

Na sisi je?

Larrey alitumikia jeshi lililovamia nchi za watu, na hakuweza kuokoa hata nusu ya aliotaka kuwaokoa. Lakini maswali yake mawili yangali hai. La kwanza: kwa nini mgonjwa amfuate daktari? Mwaka wa 1957, hapa Nairobi, madaktari watatu walianza huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni AMREF, ili wagonjwa wa vijijini wafikiwe kwa ndege. Kwao, kuruka kukawa kuruka kweli.

Swali la pili ni gumu zaidi: nani aanze? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna anayefaa kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini sote tumeona ajali ambapo majeruhi anaburutwa mikono na miguu kuingizwa kwenye gari lolote linalopita, shingo ikining'inia. Na tumesikia ya anayeulizwa pesa kwanza huku damu ikimwagika.

Larrey alihesabu umbali kati ya majeruhi na daktari kwa kilomita. Kwetu, mara nyingine, umbali huo ni mfuko wa mgonjwa, na kungoja kunaua vilevile. Kwa hivyo ukisikia king'ora nyuma yako, sogea.