Maisha ya Marehemu Mbaraka Mwinshehe

Sisi tuliokuwa watoto wa shule katika miaka ya 1970 hatukuhitaji kufika Morogoro ili tumjue Mbaraka Mwinshehe. Sauti yake ilitujia kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyumba moja yenye redio ilitosha kuwakusanya majirani.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944. Mwaka huohuo ndipo ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi aliyojiunga nayo katikati ya miaka ya 1960 baada ya kuacha masomo. Mji ule ulikuwa pia na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na mashabiki wa pande mbili walishindana sana. Salum alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965.

Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo, kazi tatu kwa mtu mmoja. Mwaka 1970 bendi yake ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia yaliyoitwa Expo 70. Aliimba habari za mapenzi na ndoa, lakini hakusahau ya taifa. Dakta Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo. Mwaka 1973 aliunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano, na santuri zake zikapendwa Kenya kama hapa kwetu.

Huko Kenya ndiko mauti yalikomkuta. Tarehe 12 Januari 1979 alipata ajali ya gari Mombasa. Damu nyingi ilimtoka, akafariki hospitalini akiwa na umri wa miaka 34 tu. Wimbo wake Shida uliendelea kununuliwa sana naye akiwa kaburini.

Ndugu zangu, barabara yetu ya Korogwe na Handeni nayo inawaumiza vijana wetu, hasa wa bodaboda. Damu haitengenezwi kiwandani wala haiuzwi dukani. Hutoka kwa binadamu mwenzako. Wenye afya, kuanzia miaka 18 hadi 65, wanaweza kuchangia. Mimi nimebakiwa na miaka michache kabla umri haujanikataza. Watumishi wa damu salama wakija tena, mtanikuta kwenye foleni. Nanyi msiniache peke yangu.