Alfred Sloan, bosi wa magari aliyewarudisha mameneja darasani

Wasafirishaji wa ukanda wetu wanayafahamu vizuri malori ya Isuzu yanayounganishwa Nairobi. Kampuni inayoyaunganisha ilianzishwa mwaka 1975 kwa jina la General Motors, na Wamarekani hao walibaki na hisa hadi walipowauzia Isuzu mwaka 2017. Aliyeifanya General Motors iwe kampuni kubwa huko kwao ni Alfred P. Sloan.

Sloan alizaliwa mwaka 1875 huko New Haven, Marekani. Alihitimu uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT mwaka 1895, akaajiriwa na kampuni ndogo ya beringi iitwayo Hyatt. Kampuni hiyo ilipokaribia kufa, baba yake na mwenzake walitoa dola 5,000 kuiokoa. Sloan akaiongoza, akawauzia beringi watengenezaji wa magari, na mwaka 1916 Hyatt ikauzwa kwa dola milioni 13.5.

Mnunuzi alikuwa William Durant, mwanzilishi wa General Motors. Durant aliamua karibu kila jambo kwa kichwa chake mwenyewe. Mwaka 1920 soko la magari lilianguka, naye akaipoteza kampuni. Somo hilo Sloan hakulisahau. Alipokuwa rais wa kampuni mwaka 1923, kila tawi alilipa meneja wake mwenye mamlaka ya kuamua, huku makao makuu yakisimamia mahesabu.

Lakini mameneja wa namna hiyo hawaokotwi barabarani. Mwaka 1926 General Motors ilichukua chuo kimoja mjini Flint, ambako vijana wake walisoma kwa zamu: wiki kadhaa darasani, wiki kadhaa kazini. Kwa wakubwa zaidi, MIT ilianza mwaka 1931 kozi ya uongozi kwa watu walio kazini tayari, waliotumwa na waajiri wao. Kuanzia mwaka 1938 mfuko wa Sloan uliichangia. Kofi Annan, mtumishi wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alipitia kozi hiyo mwaka 1971 hadi 1972.

Mafunzo hayo hayakumfikia kila mtu. Mafundi wa viwandani, waliochoshwa na kasi ya kazi, waligoma Flint kwa siku 44 mwaka 1936 na 1937 hadi kampuni ikakubali kuzungumza na chama chao.

Sloan alistaafu uenyekiti mwaka 1956, akafariki mwaka 1966 akiwa na miaka 90. Kampuni iliendelea bila yeye.

Kwa mwenye malori matano au hamsini, swali ni hilo hilo. Ukilazwa hospitali mwezi mzima, nani ofisini kwako anaweza kukokotoa gharama za safari, kujadiliana na benki na kusaini mkataba? Kama hayupo, ada ya kumsomesha mmoja si hasara.