Bruno Serunkuma, Askari wa Kabaka

Bruno Serunkuma alizaliwa Buddu, katika nchi ya Buganda. Alikuwa mtu wa nguvu, mkali, mwepesi wa hasira. Akawa askari katika walinzi wa Kabaka Mwanga. Mapadre Weupe walikuwa wameondoka Buganda mwaka 1882, wakakaa ng'ambo ya kusini ya ziwa, kwa Wasukuma. Waliporudi mwaka 1885 Bruno akaenda kwao, akabatizwa tarehe 15 Novemba.

Lakini ubatizo haukumgeuza malaika kwa siku moja. Yasimuliwa kwamba Kabaka alimpa wanawake, naye akawapokea, kinyume cha ahadi yake. Kisha akaonywa, akaona haya, akawaacha.

Mwezi wa Mei 1886 Mwanga alikasirika kwa kuwa vijana wa nyumba yake walimtii Mungu kuliko yeye. Akaamuru wauawe, na Bruno pamoja nao. Basi wakafungwa kamba, wakaongozwa kutoka Munyonyo kwenda Namugongo, safari ndefu yenye kiu. Njiani Bruno akamwona ndugu yake Bosa, akamwomba pombe ya ndizi. Wakaagana. Bruno akamwambia kwamba chemchemi yenye vijito vingi haikauki, na wao wakiisha kufa wengine watakuja nyuma yao.

Tarehe 3 Juni wakaviringishwa katika mikeka ya matete, wakalazwa juu ya kuni, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, wakachomwa moto. Bruno alitangazwa mtakatifu huko Roma mwaka 1964, pamoja na wenziwe 21.