Binti wa Kasisi Aliyeishi kwa Kalamu Yake

Safari hii tumtazame Charlotte Brontë, mwandishi wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1816 huko Yorkshire. Baba yake alikuwa kasisi wa Haworth. Mama alifariki mwaka 1821 akiacha watoto sita, na wawili kati yao wakamfuata mwaka 1825.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kanisa. Siku ambayo baba angefariki, mabinti watatu waliobaki wangelazimika kuhama, nao hawakuwa na mali. Basi Charlotte akashika ualimu. Mwaka 1841 alifundisha watoto wa mfanyabiashara mmoja nyumbani kwao kwa pauni 20 kwa mwaka, nazo 4 zikakatwa kwa kufuliwa nguo. Sisi tulioshika chaki twauelewa mshahara wa namna hiyo! Mwaka 1844 alitangaza kufungua shule pamoja na wadogo zake, Emily na Anne. Hakuja mwanafunzi hata mmoja.

Kalamu nayo ilikuwa imekatazwa. Mwaka 1837 mshairi mashuhuri, Robert Southey, alimshauri kwa barua kwamba uandishi si kazi ya mwanamke. Hata hivyo, mwaka 1846 ndugu hao watatu walichapisha mashairi kwa fedha zao wenyewe, wakificha majina yao. Ziliuzwa nakala mbili tu. Mwaka huo huo, akimwuguza baba yake aliyepasuliwa jicho mjini Manchester, Charlotte alianza kuandika Jane Eyre. Kitabu kilitoka mwaka 1847 kikapendwa sana. Kwa kitabu cha Shirley, mwaka 1849, alilipwa pauni 500, yaani mshahara wa miaka 25 wa kazi ile ya kufundisha. Lakini kabla hakijatoka, Emily, Anne na kaka yao Branwell walikuwa wamekwisha kufariki.

Mwaka 1854 aliolewa na Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa baba yake. Sheria ya Uingereza wakati ule ilimpa mume fedha za mkewe. Ilirekebishwa mwaka 1870 na 1882. Charlotte hakungoja. Kabla ya harusi aliziweka fedha zake chini ya mdhamini. Alipougua, ndipo alipomwachia mumewe kwa wasia, kwa hiari yake mwenyewe. Alifariki tarehe 31 Machi 1855, akiwa na miaka 38.

Wazazi wenzetu, binti akipenda kuandika, tusimcheke. Tumnunulie daftari.