Wangila na Dhamana ya Viongozi wa Michezo

Robert Wangila Napunyi, mwana wa Kenya, alizaliwa mwaka 1967. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali, akatwaa medali ya dhahabu. Kabla yake, hakuna bondia wa Kenya aliyefikia daraja hilo.

Baadaye aliingia katika ngumi za kulipwa huko Marekani. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa mwamuzi alilisimamisha pambano. Wangila aliupinga uamuzi huo, kwani alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye alipoteza fahamu, na tarehe 24 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 26.

Sisi twasema: shujaa hajiwekei mpaka, hivyo ni juu ya viongozi kumwekea. Iwe Visiwani au Ipole, kijana asipande ulingoni pasipo daktari, wala asiachwe peke yake baada ya kutuletea medali. Tahadhari kabla ya hatari.