Antoine Parmentier, Mtu Aliyepigana na Njaa

Wako watu wengi ambao majina yao yanatajwa katika vitabu kwa sababu walishinda vita au waliteka miji. Wachache ndio waliopata sifa yao shambani na jikoni. Mmoja wao ni Antoine-Augustin Parmentier, Mfaransa. Yeye hakuvumbua kiazi cha Ulaya, ambacho wengine hukiita kiazi mviringo, wala hakuwa wa kwanza kukileta katika nchi yake. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko hiyo: aliwafundisha watu wenye njaa wakubali kula chakula walichokidharau.

Parmentier alizaliwa tarehe 12 Agosti 1737 katika mji mdogo wa Montdidier, kaskazini ya Ufaransa. Baba yake alikufa mapema, akaacha mjane na watoto bila mali. Mama yake alikuwa mwanamke mwenye elimu, akamfundisha mwanawe mwenyewe. Kisha padri mmoja akamsaidia kuendelea katika masomo, akitumaini kwamba labda kijana huyu siku moja atakuwa padri. Lakini nyumbani kulikuwa na ufukara, na kijana alipaswa kuwasaidia jamaa zake. Basi akaingia kwa mtengeneza dawa wa mji ule ili ajifunze kazi. Baada ya muda mfupi akaenda Paris, akaendelea na kazi ileile katika nyumba ya ndugu wa ukoo wake.

Wakati ule Vita ya Miaka Saba ilikuwa imeanza, yaani tangu 1756 mpaka 1763. Wafaransa walipigana na Waprusia katika nchi za Ujerumani. Mwaka 1757 Parmentier, akiwa na umri wa miaka ishirini tu, alitumwa huko awe mtengeneza dawa wa jeshi. Alifanya kazi kwa bidii na bila woga, hata pale ambapo ugonjwa uliwaua askari wengi kuliko risasi. Mara tano alitekwa na adui.

Katika kifungo chake hicho Parmentier alipata fundisho lililogeuza maisha yake. Wafungwa walipewa viazi siku kwa siku. Kwa Wafaransa wengi hiyo ilikuwa kama dharau, maana kwao viazi vilikuwa chakula cha nguruwe. Lakini Waprusia walikuwa wamekwisha kuvijua. Mwaka uleule wa 1756 mfalme wao, Frederick II, alikuwa ametoa amri kwamba wakulima wavipande. Parmentier alivila, akajiangalia nafsi yake. Hakuugua wala hakudhoofika. Akaweka jambo hilo moyoni. Huko Ujerumani alikaa pia na mtaalamu mmoja wa dawa katika mji wa Frankfurt, akajifunza kwake namna ya kupima vitu kwa elimu ya kemia.

Vita ilipokwisha alirudi Paris. Alikuwa maskini, lakini alihudhuria masomo ya mabingwa wa fizikia, kemia na mimea. Mwaka 1766 alishinda mtihani, akapewa kazi ya dawa katika Hôtel des Invalides, nyumba kubwa iliyotunza askari wazee na walemavu. Mwaka 1772 mfalme akamweka awe mkuu wa dawa katika nyumba ile. Hapo shida ikazuka. Tangu miaka mingi chumba cha dawa kilikuwa mikononi mwa Masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, nao hawakukubali kuwa chini ya mkuu mpya. Ugomvi ulidumu karibu miaka miwili. Mwishowe shauri likakatwa hivi: Parmentier aliachiwa nyumba na mshahara, lakini hakuwa tena na kazi katika chumba cha dawa. Mwingine angalikasirika na kupoteza siku zake katika manung'uniko. Yeye alizitumia kwa uchunguzi wa vyakula, na tangu hapo matunda ya akili yake yakaanza kuonekana.

Ili kuelewa kazi yake, yafaa kukumbuka hali ya Ufaransa katika siku zile. Watu wa kawaida waliishi kwa mkate. Ngano ilipokosa mvua, au ilipopigwa na mvua ya mawe, bei ya mkate ilipanda, na maskini walikufa njaa. Miaka ya 1769 na 1770 mavuno yalikuwa mabaya. Kwa hiyo mwaka 1771 Chuo cha Wataalamu cha Besançon kilitangaza shindano: ni mimea gani inayoweza kuwalisha watu wakati wa njaa mahali pa ile wanayoila siku zote? Wengine pia waliandika juu ya viazi, lakini Parmentier ndiye aliyepewa tuzo. Mwaka 1773 alitoa kitabu kilichoeleza uchunguzi wake wa viazi kwa njia ya kemia.

Ubishi dhidi ya viazi ulikuwa mkubwa. Mmea huu umetoka katika milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, ambako watu waliulima tangu maelfu ya miaka. Wahispania waliuleta Ulaya katika karne ya 16. Katika majimbo mengine ya Ufaransa, hasa upande wa mashariki, wakulima walikuwa wakivila viazi kabla ya Parmentier kuzaliwa. Lakini mahali pengi palivuma uvumi kwamba vinaleta ukoma. Wengine walisema kwamba mmea huu ni wa jamaa ya mimea yenye sumu. Katika neno hilo la mwisho hawakukosa kabisa, maana kiazi ni ndugu ya tumbaku na nyanya, na majani yake hayaliwi. Hata leo kiazi kilichokaa juani mpaka kikawa kijani hakifai kuliwa, kwa kuwa kina sumu. Kiazi kizuri kilichopikwa, lakini, hakina dhara. Mabingwa wa uganga wa Paris nao walitoa shauri kwamba viazi havidhuru afya. Lakini shauri la mabingwa peke yake haligeuzi desturi ya jikoni.

Parmentier aliona kwamba Wafaransa wanapenda mkate kupita vyote, basi akajaribu kugeuza viazi kuwa mkate. Mwaka 1779 alitoa kitabu kilichoeleza namna ya kutengeneza mkate wa viazi bila kuchanganya unga wa nafaka. Mkate uliwezekana, lakini ulidai kazi nyingi mno, na watu hawakuufuata. Unga wa viazi hauna ule mnato ulio katika ngano, unaofanya kinyunga kivimbe. Parmentier hakukata tamaa. Mwaka 1780, pamoja na mwenzake Cadet de Vaux, alianzisha Paris shule ya waokaji mikate, ili hata ngano iliyopo isiharibiwe kwa usagaji mbaya na uokaji mbaya. Mwaka 1784 maandiko yake juu ya mahindi yalipata tuzo ya Chuo cha Wataalamu cha Bordeaux. Hivyo alikuwa mtu wa vyakula vingi, si wa kiazi tu.

Lakini alijua kwamba maskini hutazama wanachokula wakubwa. Husimuliwa kwamba aliwaalika watu mashuhuri katika karamu ambazo kila chakula kilikuwa cha viazi, na kwamba Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani, alikuwa mmoja wa wageni wake. Mwaka 1786 Mfalme Louis XVI akamruhusu kulima katika uwanja wa Sablons, karibu na Paris. Ulikuwa uwanja wa mazoezi ya askari, nao udongo wake ulikuwa mchanga usiofaa kitu. Watu walicheka. Viazi vikaota, vikachanua. Parmentier akampelekea mfalme maua yake, naye, kadiri ya masimulizi, akayatia katika vazi lake mbele ya watu wote wa baraza. Husimuliwa pia kwamba mchana shamba lililindwa na askari, na usiku askari waliondolewa. Watu wa jirani wakafikiri kwamba kitu kinacholindwa hivyo lazima kina thamani kubwa, wakaja gizani kuiba viazi na kuvipanda kwao. Kama habari hii ni kweli kabisa au imeongezwa chumvi, maana yake ni wazi: mtu hupenda kuchukua mwenyewe kile alichokataa kupewa.

Mwaka 1789 alitoa kitabu kikubwa juu ya kilimo na matumizi ya viazi. Ndani yake aliandika pia habari za viazi vitamu, ambavyo watu wa Afrika wanavijua vema. Mwaka huohuo Mapinduzi yalianza Ufaransa, na ukosefu wa mkate ulikuwa mojawapo ya sababu zake. Mfalme aliyemsaidia Parmentier aliuawa mwaka 1793. Wengine walimtazama Parmentier kwa mashaka kwa sababu ya urafiki ule. Lakini njaa haiulizi nani anatawala. Watawala wapya nao walimhitaji, na viazi vikapandwa hata katika bustani za Tuileries, zilizokuwa za wafalme. Baadaye alichaguliwa katika Institut, baraza kuu la wataalamu wa Ufaransa, akawekwa kuwa mkaguzi mkuu wa afya ya majeshi. Alisaidia kueneza chanjo ya ndui. Na sukari ya ng'ambo ilipokosekana kwa ajili ya vita na Waingereza, aliwafundisha watu kutengeneza sharubati tamu ya zabibu badala yake.

Parmentier hakuoa. Aliishi na dada yake, aliyemtunzia nyumba. Aliandika vitabu na makala nyingi, wala hakutafuta utajiri. Alifariki Paris tarehe 17 Desemba 1813, mwenye umri wa miaka 76. Kaburi lake liko katika makaburi ya Père-Lachaise, na mpaka leo wageni huweka viazi juu yake, kama wengine wanavyoweka maua. Katika nyumba za Wafaransa jina lake limebaki pia mezani: chakula cha nyama iliyosagwa na viazi vilivyopondwa kinaitwa kwa jina lake.

Je, Parmentier alijua yote? Hapana. Yeye alidhani kwamba wanga ndio hasa unaomlisha mtu. Vitamini hazikujulikana bado. Jina lenyewe lilitungwa mwaka 1912. Leo yajulikana kwamba wanga hutia nguvu, lakini peke yake haujengi mwili. Mtoto anayeshibishwa kila siku kwa ugali wa muhogo peke yake aweza kuvimba miguu na kubadilika rangi ya nywele, ingawa tumbo limejaa. Inafaa apate pia maharagwe, karanga, samaki au mayai, pamoja na majani kama sombe. Kiazi cha Ulaya kina wanga na vitamini C, nacho ni chakula chema, lakini hakitoshi peke yake.

Tena kuna onyo lililotokea baada ya kufa kwake. Huko Ireland maskini walikuwa wamefika kuishi kwa viazi karibu peke yake, na sehemu kubwa ya viazi hivyo ilikuwa ya aina moja. Mwaka 1845 ulikuja ugonjwa unaoozesha majani na viazi vyenyewe. Kwa miaka michache watu wapata milioni moja walikufa, na wengine wengi wakakimbilia ng'ambo. Kiazi kilichokuwa dawa ya njaa kikawa mlango wa njaa, kwa sababu watu hawakuwa na kingine cha kushika. Parmentier alikuwa ametafuta mimea ya kusimama kando ya ngano, ili mmoja ukianguka mwingine uwashike watu. Yeye awekaye tumaini lake lote katika mmea mmoja, uwe ngano, kiazi au muhogo, anarudia kosa lilelile.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa siku hizi wanatunza mbegu za aina nyingi. Tangu 1971 kuna kituo cha kimataifa cha viazi huko Lima, nchini Peru, kinachohifadhi maelfu ya aina za viazi vya Ulaya na viazi vitamu. Kutoka katika aina hizo hutafutwa zile zinazostahimili ugonjwa na ukame, na viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, ambavyo huwapa watoto vitamini A inayolinda macho. Katika milima ya Kivu, huko Lubero na Masisi, viazi vya Ulaya vilivyoingia wakati wa ukoloni vimekuwa chakula cha nyumbani na mali ya sokoni. Mkulima wa huko anayechagua mbegu safi, anayebadilisha mimea katika shamba lake kila msimu, na kupanda maharagwe na mahindi pia, anaendeleza kazi ya Parmentier, hata kama hajapata kusikia jina lake.

Maisha ya mtu huyu yanaonyesha kwamba elimu ni deni kwa wenzetu. Kifungoni wafungwa wengine waliona aibu tu. Yeye aliona chakula cha maskini. Alipoondolewa katika kazi yake, alipata nafasi ya kufanya kazi kubwa zaidi. Alipochekwa, alipanda. Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Parmentier alivumilia, na waliokula ni watu wengi wasiohesabika.