Musazi: Mtetezi wa wakulima aliyepinga sheria za ununuzi wa pamba

MALORI yanaposhusha mahindi kwenye vinu vya Kisenyi, jijini Kampala, mwenye mzigo na mnunuzi hupatana bei wenyewe. Katika miaka ya 1940, mkulima wa pamba wa Buganda hakuwa na uhuru huo. Sheria ilipanga nani anunue na kwa bei gani. Mitambo ya kuchambua pamba ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Serikali ya kikoloni iliuza pamba ng’ambo kwa bei kubwa kuliko aliyolipwa mkulima, na tofauti ikabaki katika mifuko yake.

Aliyewaunganisha wakulima kupinga utaratibu huo ni Ignatius Kangave Musazi. Alizaliwa mwaka 1905, mtoto wa chifu wa gombolola. Alisoma King’s College Budo, kisha theolojia nchini Afrika Kusini na Uingereza, akarejea nyumbani kufundisha. Mwaka 1938 alishiriki kuunda Wana wa Kintu, na mwaka 1947 akaanzisha Umoja wa Wakulima Waafrika wa Uganda.

Aprili 1949, umati ulikusanyika Mengo, kilima kilicho juu ya Kisenyi. Ulimtaka Kabaka Mutesa II aruhusu wananchi kuchagua viongozi wao, kuchambua pamba yao na kuiuza nje wenyewe. Ghasia zilizuka, nyumba za machifu zikachomwa, na serikali ikaupiga marufuku umoja huo.

Musazi hakukata tamaa. Aliwakusanya wakulima upya katika shirikisho jipya, na Machi 1952 akaanzisha Uganda National Congress, chama cha kwanza cha siasa cha kitaifa.

Mwaka huo huo, chini ya Gavana Andrew Cohen, sheria zilibadilishwa. Serikali ilipata mamlaka ya kununua mitambo ya pamba na kuikabidhi kwa vyama vya ushirika, navyo vikapewa uhuru zaidi wa kujiendesha.

Hata hivyo, huo ulikuwa ushindi nusu. Bodi ya serikali iliendelea kushika biashara ya pamba hata baada ya Uhuru wa 1962. Musazi alifariki mwaka 1990 na kuzikwa Kololo kwa heshima ya shujaa. Ukiritimba wa bodi ulivunjwa kisheria mwaka 1994, miaka minne baada ya yeye kuzikwa.